Kurudisha ganda la risasi kwenye umbo lake bila kulichosha

Chukua ganda la risasi ya bunduki lililotoka sasa hivi kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kisha jaribu kuchomeka kichwa kipya cha risasi mdomoni mwake kwa vidole. Mara nyingi kitatumbukia ndani bila kizuizi chochote. Ganda limepanuka, shingo yake haishiki tena, na mtu anayetaka kulitumia upya hana budi kulibana lirudi. Swali ni moja tu: libanwe kiasi gani?

Jibu langu ni kwamba libanwe kidogo, tena kidogo kuliko maelekezo mengi yanayokuja na kalibu, kile chombo cha chuma cha kubania ganda, yanavyosema. Makala haya yanahusu ganda peke yake. Aina ya baruti na vipimo vyake ni jambo la vitabu vya watengenezaji vilivyojaribiwa maabara, si la kuokoteza. Tena kujaza risasi upya kuna masharti yake ya kisheria katika kila nchi, na mahali pengine hakuruhusiwi kabisa.

Ganda linafanya nini likiwa ndani ya chemba

Sehemu za ganda zimepewa majina ya viungo vya mwili, na hilo linarahisisha mazungumzo. Chini kabisa kuna kitako, kinene na kigumu, chenye kikombe kinachobeba fataki, kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa. Juu yake kuna kiwiliwili, ambacho ukuta wake unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyopanda. Kisha kuna bega linaloinamia ndani, shingo inayoshika kichwa cha risasi, na mdomo. Kote ni shaba njano ya mchanganyiko mmoja, shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Lakini ugumu wake si mmoja. Kiwandani kitako huachwa kigumu, na shingo pamoja na bega hulainishwa kwa moto. Shika hilo, maana tutalirudia.

Pini ikigonga fataki, baruti inawaka na shinikizo linapanda kwa kasi isiyosimulika. Kwa .308 Winchester, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1952 na ambayo itakuwa mfano wetu, kikomo cha kanuni za CIP, tume ya Ulaya ya viwango vya silaha na risasi, ni baa 4,150, yaani zaidi ya mara elfu nne ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Ukuta mwembamba wa shaba hauwezi kuhimili hayo. Anayehimili ni chuma cha chemba na boliti, ile komeo inayoifunga chemba kwa nyuma, na kazi ya ganda ni kuziba tu: linavimba hadi likumbatie kuta za chemba, linazuia gesi isirudi usoni mwa mpigaji, kisha shinikizo likishuka linanywea kidogo, kiasi cha kuweza kuchomolewa. Kunywea huko nitakuita mrejeo. Ndiko kulikoipa shaba njano ajira hii kwa zaidi ya karne moja. Metali laini mno ingevimba na kunata ukutani, na ngumu mno ingepasuka.

Kwa hiyo kinachotoka baada ya kupiga ni nakala ya chemba yako, ndogo kwa kiasi cha unywele. Hakuna kiwanda kinachoweza kukutengenezea ganda linalofanana na chemba yako namna hiyo, kwa sababu kiwanda kinatengeneza ganda linaloweza kuingia katika kila bunduki ya aina hiyo duniani. Ukilibana ganda hilo lote hadi kipimo cha kiwandani, umeitupa ile nakala uliyopewa bure.

Robo mzunguko inayokula maganda

Kalibu ya kubana ganda zima hufungwa kwenye presi kwa nyuzi za skrubu. Maelekezo ya kawaida husema: pandisha kishikio cha ganda hadi juu, zungusha kalibu hadi iguse kishikio, kisha ongeza kama robo mzunguko. Mtengenezaji anasema hivyo kwa sababu anataka ganda liingie katika bunduki yoyote, na kwa lengo hilo yuko sahihi. Ila bega linasukumwa chini kadiri kalibu inavyoweza, bila kujali chemba yako ina urefu gani.

Tazama hesabu. Urefu tunaoujali hapa unapimwa kutoka kitakoni hadi mahali maalumu kwenye mteremko wa bega, kwa .308 ni pale ambapo kipenyo ni milimita 10.16. Kwa kipimo hicho chemba fupi inayokubalika ina milimita 41.40. Tuseme yako ina 41.50, ambayo bado ni salama kabisa. Kalibu iliyoteremshwa mwisho inaweza kulipeleka ganda hadi 41.33. Pengo linalobaki ni milimita 0.17. Si kitu kwa macho, lakini kwa shaba ni safari.

Pini inapogonga, ganda linasukumwa mbele hadi bega liguse chemba. Shinikizo linapopanda, sehemu ya mbele iliyo nyembamba inanata ukutani kwanza. Kitako, ambacho ni kinene na hakijanata, kinasukumwa nyuma hadi kwenye uso wa boliti. Kati ya sehemu iliyonata na sehemu inayorudi, lazima mahali fulani pavutike, na mahali hapo ni juu kidogo ya kitako, pale ukuta mnene unapokutana na mwembamba. Unabana tena, unapiga tena, panavutika tena. Baada ya mizunguko kadhaa unaona mstari unaong'aa ukilizunguka ganda, na usipoujali, siku moja kitako kitatoka peke yake na kiwiliwili kibaki chembani, huku gesi ikitafuta njia ya kupita. Wengi hulaumu shaba mbovu. Shaba haikuwa na kosa.

Kuna namna ya kukagua kabla mstari haujaonekana nje. Kunja ncha ya waya mwembamba, mgumu, iwe kama ndoano ndogo, uingize ndani ya ganda hadi chini, kisha uuvute juu huku ncha ikiparuza ukuta. Ikikwama kwenye mfereji juu kidogo ya kitako, ganda hilo limekwisha kazi. Ukikuta moja hivyo, kagua yote yaliyopigwa idadi ileile.

Dawa ni kupima. Kwenye kalipa, kifaa cha taya mbili cha kupimia urefu na vipenyo, hufungwa kijipete chenye tundu linalokaa katikati ya mteremko wa bega. Ng'oa kwanza fataki iliyotumika, kwa sababu ikichomoza kidogo tu itakudanganya. Pima maganda kadhaa yaliyopigwa katika bunduki hiyohiyo na uandike lililo refu zaidi. Halafu anza kubana kalibu ikiwa juu, uiteremshe kidogo kidogo, ukipima kila hatua. Kwa bunduki ya boliti, bega likirudi nyuma kati ya milimita 0.025 na 0.05 inatosha. Bunduki zinazojipakia zenyewe huhitaji nafasi zaidi, kama 0.08 hadi 0.13, kwa sababu hakuna mkono wa kulazimisha boliti ifunge.

Udogo wa hatua hizo unaeleweka vizuri ukiutazama kwenye skrubu. Kalibu nyingi zina nyuzi 14 kwa inchi moja, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili huishusha milimita 1.81. Ili kuishusha milimita 0.025 unaizungusha digrii 5 tu, pungufu ya hatua anayopiga mshale wa dakika katika dakika moja. Robo mzunguko ni mara kumi na nane ya hiyo. Basi ukisikia mtu anasema alirekebisha kalibu kwa kukisia, jua alikuwa anachimba kisima kwa sindano, au kinyume chake.

Mambo mawili huwachanganya wanaoanza. La kwanza, ukianza kuteremsha kalibu utaona ganda likirefuka badala ya kufupika. Hujakosea kupima. Kalibu imeanza kuubana ubavu wa kiwiliwili kabla ya kuligusa bega, na shaba iliyobanwa ubavuni haina pa kwenda ila juu. Endelea, bega likiguswa urefu utageuka na kuanza kushuka. La pili, ganda jipya likipigwa mara moja tu huenda lisijaze chemba sawasawa. Vipimo vya kuaminika huja baada ya mara mbili au tatu.

Zamani waliosaka shabaha ya hali ya juu walibana shingo peke yake, kiwiliwili na bega wakaviacha kama vilivyotoka chembani. Hoja ilikuwa na mantiki: ganda linalojaza chemba halichezi. Lakini kila mpigo unalivimbisha kidogo zaidi, hadi boliti inaanza kufungwa kwa nguvu, na mpigaji anayepambana na boliti anaitikisa bunduki yote. Leo wengi wao hubana ganda zima kila mara, ila kwa ile milimita 0.05 au chini yake. Mimi niko upande huo.

Shingo: kubana, kupanua, na kinachobaki

Bega likisahihishwa, ganda litadumu. Usawa wa mpigo mmoja na mwingine, kwa kiasi kikubwa, unatoka shingoni, maana shingo ndiyo inayoamua kichwa cha risasi kiachiwe kwa nguvu gani, na kama kimekaa wima au kimeinama.

Kalibu ya kawaida inaitesa shingo mara mbili. Inapoingia, shingo inabanwa kupita kiasi, kwa kuwa mtengenezaji hajui ganda lako lina ukuta mnene au mwembamba. Inapotoka, gololi iliyo kwenye mhimili wa ndani inapita shingoni na kuipanua tena hadi kipimo. Shaba imesogezwa kwenda na kurudi pasipo sababu, na juu ya hapo gololi inavuta kuelekea juu. Mafuta yakiwa machache ndani ya shingo, mvuto huo unaweza kulirefusha bega ulilolipima kwa taabu yote ile, au kuipinda shingo upande mmoja.

Njia ya upole ni kalibu inayopokea bushi ya kubadilishwa, yaani pete ngumu inayobana shingo kwa nje. Hapa unachagua mwenyewe shingo ibanwe hadi wapi. Chukua risasi iliyokwisha kukamilika, pima kipenyo cha nje cha shingo yake, kisha chagua bushi iliyo ndogo kwa milimita 0.05 hivi. Kwa .308, ambayo kichwa chake kina kipenyo cha milimita 7.82, shingo yenye ukuta wa 0.38 itapima 8.58 ikiwa imeshika kichwa, na bushi ya 8.53 ni mahali pazuri pa kuanzia. Baadhi ya watu huibana zaidi kidogo, kisha humalizia kwa kusukuma mandreli laini, yaani kijiti cha chuma chenye kipenyo maalumu, kutoka mdomoni. Faida yake ni kwamba kasoro za unene wa ukuta zinahamia nje, na ndani panabaki duara safi, mahali ambapo kichwa cha risasi kinagusa.

Kipenyo si nguvu ya kushika, na wengi huchanganya hivi viwili. Shingo mbili zenye kipenyo kilekile zinaweza kushika tofauti kabisa kama moja ni ngumu na nyingine laini, au kama moja ina masizi kidogo ndani na nyingine imesuguliwa hadi ikawa kavu. Ndiyo maana maganda yaliyooshwa kwa maji na vijiti vya chuma cha pua, yanayong'aa kama vito vya bibi harusi, wakati mwingine hupokea vichwa kwa mikwaruzo na kwa nguvu zisizolingana. Yale masizi meusi yaliyotolewa yalikuwa kilainishi. Wanaoosha hivyo hurudisha utelezi kwa kupaka unga wa grafiti mdomoni. Wengine, nikiwemo mimi, huacha shingo ndani zikiwa na weusi wake na kuzipitishia brashi ya nailoni tu.

Moto, na mikojo ya farasi

Samaki mkunje angali mbichi, na shaba njano nayo ni hivyo hivyo. Kila inapovimbishwa na kubanwa bila joto, fuwele zake za ndani zinapindana na kusongamana, na metali inazidi kuwa ngumu. Shingo ngumu ina mrejeo mkubwa: unaibana kwa bushi ileile, inaachia zaidi, na kipenyo kinachobaki si kile cha jana. Bega nalo linakataa kukaa ulipoliweka. Mtu aliyeona maganda yake yakipima sawa mwanzoni na kutawanyika baada ya mipigo mitano au sita, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza. Mwisho wa safari hiyo ni ufa unaoanzia mdomoni.

Somo hili liligharimu majeshi kabla ya kuwagharimu wapiga shabaha. Wakati wa ukoloni wa Waingereza nchini India, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi msimu wa mvua za masika yalikutwa yamepasuka bila kupigwa hata mara moja. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza chanzo: amonia iliyotokana na mikojo ya farasi, ikikutana na shaba ambayo bado ilikuwa na mkazo wa ndani tangu ilipofinyangwa kiwandani. Tiba ikawa kuondoa mkazo huo kwa joto. Ule mkanda wa rangi ya samawati na kahawia unaoonekana mabegani mwa maganda ya kijeshi ni alama ya moto huo, na kwa kawaida majeshi hayaung'arishi. Kwa sababu hiyohiyo, usisafishe maganda kwa dawa ya kung'arishia yenye amonia.

Kulainisha upya ni kuipasha moto shingo na bega kwa sekunde chache hadi joto lizidi nyuzi 400 za Selsiasi, bila kitako kupata joto la maana. Wapo wanaotumia miali ya gesi huku ganda likizungushwa, na wapo wenye mashine za koili ya umeme. Fanya kazi kwenye mwanga hafifu. Shingo ikianza tu kuonyesha mng'ao wa mbali, umefika; ikiwa nyekundu ya wazi, umepitiliza, na shingo itakuwa legelege isiyoshika kitu. Rangi peke yake si mwalimu mzuri, kwa hiyo wengi hupaka ndani ya shingo rangi maalumu inayoyeyuka ikifikia joto fulani, wakapata muda sahihi kwa ganda moja, kisha wakaufuata kwa saa kwa yote yaliyobaki.

Kosa lisilosameheka hapa ni kulainisha kitako. Kitako ndicho kinachokabiliana na shinikizo mahali ambapo chemba haikikumbatii kikamilifu. Kikilegea hakiwezi kurudishiwa ugumu kwa moto wala kwa maji. Kuna wanaodhani kulitumbukiza ganda la moto kwenye maji kunaligandisha kama panga la mhunzi. Hiyo ni tabia ya chuma cha kaboni; shaba njano haina tabia hiyo. Maji husaidia tu kuzuia joto lisiendelee kushuka. Ugumu wa shaba njano unakuja kwa kugongwa na kubanwa ikiwa baridi, basi.

Fanya kazi hii kabla ya kubana, si baada, ili kila ganda liingie kwenye kalibu likiwa na mrejeo unaofanana na wenzake.

Mengineyo, kwa haraka

Mafuta: bila kilainishi ganda litakwama kwenye kalibu, na kulitoa ni kazi ya kutoboa na skrubu. Mafuta ya sufi ya kondoo yakiyeyushwa kwenye spiriti yanafanya kazi nzuri. Yakizidi, yanajikusanya begani na kubonyeza vishimo, kwa kuwa mafuta hayabaniki. Ukimaliza, yafute yote. Ganda lenye mafuta halinati chembani ipasavyo, na boliti inabeba mzigo mkubwa kuliko kawaida.

Urefu: kubana hurefusha shingo, kwa hiyo kata baada ya kubana. Ganda la .308 halitakiwi kuzidi milimita 51.18, na wengi hulikata hadi 50.93. Shingo iliyozidi inafinywa kwenye koo la mtutu, inashindwa kuachia, na shinikizo linaruka. Baada ya kukata, toa makali ndani na nje ya mdomo, kidogo tu.

Kikombe cha fataki: maganda mengi ya kijeshi yana ukingo uliokunjwa kuzuia fataki isitoke, na lazima uondolewe kabla ya kuweka nyingine. Angalia pia ndani kama kuna tundu moja katikati au matundu mawili pembeni. Tundu moja ni mfumo wa Boxer, mawili ni wa Berdan, na sindano ya kalibu ya kawaida hutoa fataki za Boxer tu. Mifumo yote miwili ni ya miaka ya 1860. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini leo Wamarekani ndio walioushikilia mfumo wa Boxer, huku ule wa Berdan ukienea zaidi Ulaya na majeshini. Vumbi la fataki zilizowaka mara nyingi lina risasi, ile metali yenye sumu. Usilipulize kwa mdomo, na osha mikono kabla ya kula.

Kupanga kwa uzito: hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Kupima kila ganda kwenye mizani ya umeme kunapendeza, lakini tofauti ya uzito inaweza kuwa imekaa kwenye ukingo wa kitako au mfereji wake, mahali pasipohusiana kabisa na nafasi ya baruti. Anayetaka ukweli hujaza ganda maji na kupima ujazo. Kwa wengi wetu inatosha kutochanganya chapa wala idadi ya mipigo. Usipokee maganda ya kijeshi kama mbadala wa yale ya kawaida: kuta zake mara nyingi ni nene, nafasi ya ndani ni ndogo, na kipimo kilekile cha baruti kinazaa shinikizo kubwa zaidi.

Ganda lolote linazeeka, hata ulitunze vipi. Mdomo ukipasuka unaonekana, mfereji wa ndani unasikika kwenye waya, ila dalili ninayoiamini kuliko zote ni ya mkononi. Siku fataki mpya itakapoingia kwenye kikombe chake bila ukinzani, kitako kimeshatanuka, na hakuna kalibu ya kukirudisha. Mimi hulikandamiza mdomo kwa koleo papo hapo, kabla halijachanganyika na mengine mezani.